Vifaa vya Gari si vya Kumwonyesha Trafiki

Mjukuu wangu, nimesikia tajiri amekukabidhi lori. Hongera sana. Nilifurahi nilipoambiwa, na usiku wake usingizi ukaniruka, kwa sababu barabara unayoiingia naijua mpaka mitaro yake.

Unajua kwamba nakaa Msata. Hapa ndipo barabara ya Bagamoyo, baada ya kilomita zake 64, inapoikuta ile inayotoka Chalinze kwenda Segera. Gari la Tanga linapita hapa. La Moshi na Arusha linapita hapa, na linalovuka kwenda Kenya kwa Horohoro au Namanga ni hapahapa. Nikiwa barazani naona malori yanayopita mazima, na naona pia yanayorudi yamebebwa juu ya mengine. Babu yako akisema jambo la barabara, litie moyoni.

Jambo lenyewe ni hili: vifaa vya gari si vya kumwonyesha trafiki.

Najua mnavyofanya vijana. Wiki ya Nenda kwa Usalama ikikaribia, mtungi wa kuzimia moto unaazimwa kwa mwenzio. Pembetatu zinatolewa gari lile zinaingia hili. Gari linakaguliwa, stika inabandikwa kiooni, kisha kila kitu kinarudi kwa mwenyewe na lori linaingia safarini na stika peke yake. Mwanangu, stika haizimi moto. Kifaa cha kuazima humpita askari, hakiupiti usiku.

Askari anakuuliza mchana, watu wakiwepo. Barabara inakuuliza saa nane za usiku, kati ya Mbwewe na Mkata, mvua inanyesha na taa zimekatika. Askari ukikosa jibu atakuandikia faini. Barabara haiandiki faini.

Utaniambia, "Babu, siku hizi kuna simu." Ndiyo, ipo. Sisi tulifundishwa na wazee waliopeleka mafuta Zambia baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwezi Novemba 1965, na njia ya mafuta ya Zambia kupitia huko ikafungwa. Bomba la mafuta la TAZAMA halikuwepo mpaka 1968, na reli ya TAZARA ilikuja baadaye kabisa. Mapipa yalikwenda kwa malori, barabara ya vumbi kiangazi na ya tope masika, hadi ikaitwa njia ya jehanamu. Wazee wale walibeba beleshi, magogo, minyororo na spea, maana walijua hakuna wa kumwita.

Wewe unaye wa kumwita. Lakini simu inamwita fundi, haizuii basi linalokuja nyuma yako. Kati ya gari lako kufa na fundi kufika kuna saa nne, tano, pengine mpaka kuche. Saa hizo ni zako na vilivyomo kwenye sanduku lako. Ndizo ninazoziogopa.

Anza na pembetatu nyekundu zinazoakisi mwanga. Beba mbili nzima, na ya tatu ya akiba.

Gari likifa usiku mnakata matawi mnayatandaza barabarani. Mchana yanasaidia, sikatai, na dereva wa Tanzania akiona majani lamini anajua mbele kuna jambo. Usiku sivyo. Tawi halina macho ya usiku. Haliakisi taa, na mwenzio analiona akiwa ameshalikanyaga.

Piga hesabu pamoja nami. Sheria inakupa wewe dereva wa lori kilomita 80 kwa saa, usizidishe. Kwa mwendo huo gari linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akishtuka, mpaka mguu wake ufike kwenye breki sekunde imekwisha na gari limeshasogea mita hizo, na hapo halijaanza hata kupunguza. Pembetatu uliyoiweka hatua kumi nyuma ya trela inamsaidia nini? Inamwonyesha mahali atakapofia.

Tembea hatua ndefu mia moja nyuma ya gari uweke moja. Tembea na mbele uweke nyingine, kwa kuwa barabara yetu ni ya kwenda na kurudi. Kama gari limefia baada ya kona au kilele, iweke kabla ya kona, kabla ya kilele, hata ukitembea mbali zaidi. Ukitembea uwe umevaa fulana inayoakisi mwanga, na tochi mkononi, pembeni kabisa ya lami. Tochi mbili, mwanangu, na betri zake. Ya simu usiitegemee, chaji utaihitaji.

Na mawe! Nakusihi kuhusu mawe. Mnazuia matairi kwa mawe makubwa, gari likipona mnapanda mnaondoka, mawe mnayaacha katikati ya njia. Bodaboda anakuja nyuma na mkewe na mtoto katikati yao. Hamkumwona, wala hamtajua jina lake. Jiwe uliloliacha leo ni msiba wa mwenzio kesho. Ukiondoka, ondoka na jiwe lako. Oili ikimwagika, itupie mchanga.

Afadhali usitumie mawe kabisa. Chonga kabari nne za mti mgumu, uzitie mpini au kamba ya kuvutia, zikae mahali utingo anapozifikia bila kuuliza. Gari likisimama penye mwinuko, hata kidogo, kabari kwanza, maneno baadaye. Hendibreki ya upepo ni nzuri, lakini usiipe dhamana ya roho ya mtu aliye chini ya gari.

Umelizoea daraja jipya la Wami lililoanza kutumika 2022. Hukulijua lile la zamani, la mwaka 1959, jembamba, linapitisha gari moja huku jingine linasubiri juu ya mteremko. Pale ndipo tulipofunzwa heshima ya kabari. Daraja limebadilika, mteremko haukuhama. Na kwenye njia nyingine upo wa Kitonga ya Iringa, upo wa Inyala ya Mbeya, upo wa Sekenke ya Singida. Mteremko haujui jina la tajiri. Haujui mzigo unachelewa.

Ukiteremka, weka gia ambayo ungeipandia, tangu juu, kabla gari halijashika kasi. Breki ukiikanyaga mteremko mzima inachemka, na ikichemka haishiki tena, ukanyage usikanyage. Na yule atakayekwambia uachie gia uteremke bure uokoe dizeli, mwogope. Dizeli hiyo utaiuza ukapata hela ya chakula cha jioni. Jeneza ni bei gani?

Sasa tairi. Tairi la akiba lenye upepo, sio la kuonyesha. Kipimo cha upepo, maana kupiga tairi teke hakukwambii kitu. Jeki inayobeba uzito wa gari lako lilivyopakiwa, sio lilivyo tupu. Spana ya nati na bomba lake la kuongezea urefu.

Na ubao mnene, mjukuu wangu. Ubao ndio mnaousahau. Pembeni ya lami huku kwetu Pwani ni mchanga. Jeki ukiisimamisha juu ya mchanga inazama upande, na tani zote zile zinakufuata. Ubao chini, jeki juu yake, kabari kwenye matairi mengine, halafu gogo au stendi chini ya ekseli kabla mtu hajaingiza hata mkono. Usimruhusu mtu alale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tu. Usimruhusu, hata akisema ni dakika moja.

Ukishafunga tairi, nenda kilomita hamsini, simama, kaza nati tena. Nati iliyokazwa upya hulegea kidogo gari likitembea. Nimeona tairi likitangulia mbele ya gari lake mwenyewe, likaingia kwenye kibanda cha mama muuza mananasi. Mungu alimnusuru mama yule, alikuwa ameinuka kwenda kuchota maji. Usimtegemeze mtu kwenye bahati ya ndoo ya maji.

Kuhusu mzigo nitakwambia kwa ufupi, ila usiupuuze ufupi wangu. Turubai zima, kamba na mikanda ya kukazia, na kamba za akiba. Simama kila baada ya saa mbili ukaguse kwa mkono, usitazame kwenye kioo tu. Kama umebeba kontena, loki zote nne zifungwe, zikaguliwe na wewe mwenyewe. Usimwamini aliyekupakilia, yeye amebaki bandarini.

Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, lori na basi viligongana, na kontena likaliangukia basi. Walikufa watu zaidi ya 40. Simhukumu mtu. Nakutaka tu ujue kontena linafanya nini likitoka mahali pake, ili ukiona loki moja imelegea usiseme "nitaifunga nikifika Chalinze."

Sasa moto, na hapa nataka uache kila unachofanya.

Mtungi wa unga mkavu, kilo tisa, uwe wako. Mshale wake uwe kwenye kijani. Mwezi ukipita uugeuze kichwa chini, uutikise, maana unga hushindiliwa na mitikisiko ya barabara ukaganda chini. Usiuweke nyuma ya godoro la kebini. Moto ukianza kwenye injini utaingia tena ndani kuutafuta? Ufungwe mahali unapoufikia ukiwa umesimama nje.

Ukizima, lenga chini, shina la moto, sio ndimi zake. Ukiwa umeshautupa unga wote na moto bado unakua, kimbia. Gari lina bima, wewe huna spea. Na tairi likishika moto, unga utazima miali, lakini mpira wenyewe una joto ndani na utawaka tena. Hapo ni maji mengi, au umbali.

Kama siku moja watakupa tangi la mafuta, kumbuka Msamvu. Jumamosi asubuhi, tarehe 10 Agosti 2019, pale Morogoro. Tangi lilipinduka, watu wakaja na madumu kuchota petroli, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Vijana wengi, wa umri wako.

Tangi likipinduka, kazi yako si kulinda mafuta. Zima injini ukiweza, shuka, ondoka kwa upande ambao upepo unakupuliza usoni ukiitazama njia ya kuondoka, mvuke ubaki nyuma yako. Zungusha kamba barabarani, weka pembetatu mbali, paza sauti, wazuie wenye madumu, wenye sigara, wenye pikipiki. Piga 114 Zimamoto, piga 112 Polisi. Wakikutukana kwamba unawanyima riziki, waache watukane. Watakaokutukana watakuwa hai.

Sanduku la huduma ya kwanza lisiwe na panadoli mbili na kibiriti. Weka glavu, bandeji pana, gozi nyingi, plasta, mkasi, na khanga safi. Damu ikitoka kwa nguvu, kunja kitambaa, kandamiza, usiachilie mpaka mfike. Hospitali ya Tumbi pale Kibaha imepokea majeruhi wengi wa njia hii. Hata daktari bingwa hawezi kurudisha damu iliyokwisha kumwagika kwenye lami.

Maji, dumu mbili za lita 20, moja ya rejeta na moja yenu ya kunywa. Zisichanganywe. Rejeta ikichemka usiufungue mfuniko kwa haraka ya kuwahi, utaoga maji ya moto usoni. Subiri ipoe. Aliyesubiri anafika na macho yake.

Vidogo vidogo nitavitaja kwa mkupuo: fyuzi, balbu, mkanda wa feni, hosi ya upepo, waya, utepe, oili, spana za saizi za gari lako, bisibisi, plaizi, nyundo, mnyororo wa kuvutia. Chakula kikavu cha siku mbili. Blanketi. Hela kidogo isiyoguswa. Nakala za karatasi za gari.

Utasema vyote hivi vinaongeza uzito na mizani ya Vigwaza ni kali. Ni kali kweli. Sheria ya Afrika Mashariki imeweka ukomo wa tani 56, na tangu Machi 2019 inafuatwa hapa kwetu. Lakini mjukuu wangu, sanduku lako ukilijaza lote, tairi la akiba ukiliweka kando, halifiki kilo mia mbili. Magunia matatu ya mkaa unayonunua Mbwewe kwenda kuuza Dar yana uzito huohuo, na hayo hujawahi kuyalalamikia! Tena nimeona mkaa umelazwa ndani ya sanduku la vifaa, na jeki imeachwa nyumbani. Anayeogopa kubeba kidogo hubebwa mwenyewe.

Na vipo vya kutobeba. Usibebe petroli kwenye dumu ndani ya kebini. Usibebe abiria juu ya mzigo kwa elfu tano. Usibebe pombe. Viroba vya pombe serikali ilivipiga marufuku 2017, na wenye kiu wakatafuta chupa. Dereva mwenye chupa hana kifaa, hata sanduku likijaa.

Na jiko la mkaa usilale nalo. Makambako kuna baridi, najua, unatetemeka mpaka mifupa. Wapo walioingiza jiko kebini, wakafunga vioo, wakalala. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Asubuhi mtu anagonga mlango, anagonga, anagonga. Ndiyo maana nikataja blanketi. Beba mawili.

Sasa nizungumzie utingo wako, kwa sababu yeye hana wa kumsemea. Ni mtoto wa watu. Mama yake alipomruhusu, alikukabidhi wewe, si tajiri. Mwonyeshe kila kifaa kilipo, mfundishe gizani, mwambie afumbe macho autafute mtungi, aitafute kabari, aitafute tochi. Siku utakayokuwa umebanwa kwenye usukani, yeye ndiye mikono yako.

Na asilale chini ya gari. Nakusihi, mjukuu wangu, nakusihi sana. Gari likiegeshwa mchana wa jua, wanatandika boksi chini ya trela, kuna kivuli na upepo. Dereva anaamka, anawasha, anasahau. Fanya iwe sheria ya gari lako: kabla ya ufunguo, zunguka gari lote, chungulia chini, mwite kwa jina, na akuitikie ukimwona kwa macho.

Ukishakuwa na vifaa, usiviazimishe. Mwenzio aliyekwama msaidie, tena msaidie kwa moyo wote, simama naye, mfungie tairi, mpe maji. Lakini spana yako irudi mkononi mwako kabla hamjaagana. Mwema asiye na spana kesho anakuwa mzigo wa wema wengine.

Najua kinachokutia hofu si uzito. Ni tajiri. Unaogopa kumwambia mtungi umekwisha, jeki haibebi, tairi la akiba lina kipara, atasema una maneno mengi, atampa gari mwingine. Mwambie hata hivyo, na umwambie kabla ya kupakia, kwa sababu ukishapakia amri inakuwa ya mzigo. Mwambie kwa adabu, umwandikie na kwenye simu, ibaki. Gari likiua, jina litakalotajwa mahakamani kwanza ni la dereva.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kwenda kupakia, fungua sanduku, utoe kila kitu chini, uguse kimoja kimoja. Pembetatu. Fulana. Tochi. Kabari. Jeki na ubao wake. Spana na bomba lake. Mtungi, mshale kwenye kijani. Sanduku la huduma ya kwanza. Maji. Kikikosekana kimoja, usiondoke.

Tajiri akigomba, mwache agombe. Mwambie ni babu yako wa Msata aliyekukataza, na akitaka kugombana na mtu aje hapa njia panda agombane na mimi. Mzigo una mwenyewe mmoja. Roho yako ina wenyewe wengi, na mimi ni mmoja wao, na sijakuruhusu uiache barabarani.